Samaki Wanaoishi Katika Barafu

Bila shaka umewahi kuona samaki na barafu mahali pamoja. Labda ulimwona sokoni, labda katika sanduku la mchuuzi. Samaki amelazwa juu ya barafu, macho yamemtoka, hatikisiki. Amekwisha kufa. Barafu imewekwa ili asioze kabla ya kufika jikoni.

Je, ungeamini mtu akikuambia kwamba wako samaki ambao barafu ndiyo nyumba yao? Wanazaliwa humo. Wanakula humo. Wengine hupumzika juu ya barafu iliyo chini ya bahari, kama ndege atuavyo tawini. Nao ni wazima kabisa.

Samaki hao wapo. Somo hili litakueleza jinsi wanavyoweza kuishi, na kwa nini uhai wao sasa uko mashakani.

Bahari ya kusini

Ukipanda meli Dar es Salaam na kuelekea kusini, utapita Msumbiji, kisha utapita Afrika ya Kusini. Baada ya hapo hutaona nchi kavu kwa siku nyingi. Upepo utakuwa mkali na mawimbi makubwa. Kila siku baridi itazidi. Mwishowe utafika Antaktika.

Antaktika ni bara, kama Afrika ilivyo bara. Ni kubwa kuliko Ulaya. Lakini karibu bara lote limefunikwa na barafu, na mahali pengine barafu hiyo ina unene wa zaidi ya kilomita 4. Hakuna vijiji huko, wala mashamba. Watu waliopo ni wataalamu wa utafiti na wasaidizi wao, nao huishi huko kwa zamu.

Maji ya mwambao wa Tanzania huwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi. Ukiingia kuoga unasikia raha. Maji yanayopakana na barafu ya Antaktika huwa na nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Hayo ni maji baridi kuliko barafu inayoyeyuka katika kikombe chako.

Utauliza, mbona maji hayo hayagandi yote? Sababu ni chumvi. Maji ya mto au ya kisima huganda yakifika nyuzi 0. Maji yenye chumvi hukawia kuganda. Maji ya bahari hayagandi mpaka yashuke hadi nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo bahari ya Antaktika iko pale pale mpakani. Maji yanatembea, lakini vipande vya barafu vinaelea kila mahali ndani yake.

Fumbo la damu

Sasa fikiri juu ya samaki. Damu yake ina chumvi, lakini ni kidogo kuliko ile ya bahari. Damu ya samaki wa kawaida wa baharini huganda ikifika karibu nyuzi 0.8 chini ya sifuri. Maji yanayomzunguka samaki wa Antaktika ni baridi kuliko hivyo. Kwa hesabu hiyo samaki huyo ilipasa awe ameganda kama jiwe.

Kiti cha pweza hana shida hiyo, wala kamba wadogo wa bahari ile. Maji ya miili yao yana chumvi sawa na bahari, basi bahari isipoganda na wao hawagandi. Fumbo ni la samaki.

Tena kuganda si jambo dogo. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa. Ndiyo maana chupa ya soda ikisahauliwa mahali pa kugandishia hupasuka. Barafu ikiota mwilini, ncha zake hutoboa seli. Zaidi ya hayo, barafu hunyonya maji na kuiacha chumvi nje. Chumvi hiyo huzidi katika maji machache yaliyobaki, nayo huua.

Katika miaka ya 1950, mtaalamu mmoja aitwaye Per Scholander alikwenda Labrador, upande wa mashariki wa Kanada, kuchunguza jambo hili. Alikuta samaki wanaoishi chini sana baharini, katika maji ya nyuzi 1.7 chini ya sifuri. Damu yao ingepaswa kuwa imeganda, lakini haikuganda. Scholander aliwatia katika chombo cha maji baridi vile vile. Wakaogelea vizuri. Kisha akatia kipande cha barafu kiwaguse. Papo hapo wakaganda, wakafa.

Maana yake ni nini? Maji yanaweza kuwa baridi kupita kiasi na bado yasigande, mradi pasiwe na barafu ya kuanzishia. Ni kama nyasi kavu. Jua litachoma siku nzima, lakini nyasi haziwaki mpaka cheche iziguse. Samaki wa Labrador waliishi salama kwa sababu walikaa chini sana, mahali ambapo barafu haifiki.

Lakini samaki wa Antaktika huguswa na barafu kila siku. Huinywa pamoja na maji, humezwa pamoja na chakula. Cheche imo ndani ya nyasi, na moto hauwaki! Yeye ana siri nyingine.

Siri yafumbuliwa

Mwaka 1961 kijana mtafiti kutoka Marekani, Arthur DeVries, alifika katika kituo cha McMurdo huko Antaktika. Yeye na wenzake walitoboa matundu katika barafu iliyofunika bahari, wakashusha ndoana. Walipata samaki wa aina mbalimbali. Mmoja wao ni mkubwa sana, aweza kupita mita moja na nusu na kufikia kilo 100. Samaki mkubwa ana damu nyingi, na DeVries alikuwa anatafuta damu.

Aliichunguza damu hiyo kwa miaka kadhaa. Kwanza aliondoa chumvi yote. Damu isiyo na chumvi ingepaswa kuganda upesi, lakini bado ilikataa kuganda kama kawaida. Basi kulikuwa na kitu kingine. Mwaka 1969 yeye na mwenzake, Donald Wohlschlag, walitangaza kwamba kitu hicho ni protini.

Neno protini pengine umelisikia katika somo la chakula bora. Protini imo katika maharage, mayai na nyama, nayo hujenga mwili. Lakini ziko protini za aina nyingi, na kila moja ina kazi yake. Hii ya samaki wa Antaktika ina vipande vya sukari vilivyoshikamana nayo, na kazi yake ni moja tu: kuzuia barafu isikue.

Inafanyaje kazi? Hebu mfikirie fundi anayejenga ukuta wa matofali. Kila tofali hulazwa juu ya lililotangulia. Sasa watoto watundu wakipanda juu ya ukuta na kukaa, mmoja hapa, mwingine pale, fundi atalaza wapi tofali linalofuata? Ukuta utasimama pale pale. Barafu nayo hukua hivyo hivyo, chembe ya maji juu ya chembe nyingine. Protini hizi huparamia kipande cha barafu kikiwa bado kidogo sana, zikaking'ang'ania. Chembe za maji hukosa pa kukaa. Kipande kinabaki kidogo, hakidhuru.

Angalia tofauti iliyopo. Chumvi huzuia kuganda kwa wingi wake. Protini hii haihitaji kuwa nyingi, kwa sababu inakamata barafu yenyewe. Ukilinganisha chembe kwa chembe, nguvu yake inapita ya chumvi kwa zaidi ya mara 100.

Nguo iliyogeuka mfuko

Protini hii ilitoka wapi? Jibu lake linashangaza.

Karibu na tumbo la samaki, na la kwako pia, kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa maji yenye protini za kusaga chakula. Maelekezo ya kutengeneza kila protini yamo ndani ya seli, nayo hurithiwa kutoka kwa baba na mama. Unaweza kuyafananisha na karatasi ambayo fundi cherehani hukatia nguo. Mwaka 1997 DeVries pamoja na wataalamu Liangbiao Chen na Chi-Hing Cheng walionyesha kwamba maelekezo ya protini ya kuzuia barafu yalitokana na maelekezo ya protini moja ya kusaga chakula.

Ni kama fundi aliyekuwa na karatasi ya kukatia shati. Akainakili. Nakala ikaharibika, kipande kimoja kikarudiwa mara nyingi, na nguo iliyotoka ikawa si shati tena bali mfuko. Lakini siku hiyo mfuko ndio uliohitajika! Bahari ilikuwa inazidi kuwa baridi, miaka milioni nyingi iliyopita. Samaki waliokuwa na nakala ile mbovu walipona, wakazaa. Wengi wasiokuwa nayo walitoweka katika maji hayo.

Cha ajabu ni kwamba kaskazini kabisa mwa dunia, karibu na ncha ya pili, wako samaki wengine wenye protini karibu sawa na hii. Wao si ndugu wa karibu wa hawa wa kusini, na maelekezo yao yalianzia mahali pengine. Mafundi wawili wasiojuana walifika kwenye mfuko ule ule.

Lakini usidhani kwamba samaki huyu amemaliza taabu zake. Protini huzuia barafu isikue, haiifukuzi. Vipande vidogo hukusanyika mwilini, hasa katika bandama. Mwaka 2014 wataalamu walionyesha kwamba protini hiyo hiyo huzuia pia barafu isiyeyuke upesi, hata maji yanapopata joto kidogo wakati wa kiangazi cha huko. Basi samaki hutembea na barafu tumboni, pengine miaka mingi. Dawa inaponya, na dawa hiyo hiyo inaleta mzigo.

Binadamu naye hakukaa bure. Protini ya namna hii, iliyonakiliwa kutoka kwa samaki mwingine wa maji baridi, sasa hutengenezwa kwa kutumia hamira. Hutiwa katika baadhi ya aiskrimu ili isiwe na chengachenga za barafu. Mlaji analamba tu, hajui habari za samaki.

Samaki mwenye damu nyeupe

Zamani wavuvi wa nyangumi kutoka Norwe walikuwa na kambi katika kisiwa cha South Georgia, kusini kabisa mwa bahari ya Atlantiki. Mwaka 1929 kijana mwanafunzi wa Kinorwe, Johan Ruud, alifika huko. Wavuvi wakamwambia kuna samaki asiye na damu. Ruud akaona wanamfanyia mzaha. Kila mtu aliyesoma alijua kwamba mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo ana damu nyekundu. Samaki, chura, kuku, ng'ombe, mtu, wote damu yao ni nyekundu.

Aliporudi kwao alimsimulia mwenzake, Ditlef Rustad. Kumbe Rustad alikuwa amemwona samaki wa namna hiyo kwa macho yake mwaka 1927, na picha alikuwa nayo. Hata hivyo miaka mingi ilipita kabla Ruud hajapata nafasi ya kuchunguza. Alirudi kusini mwaka 1953, akapata samaki hao, akawapima. Mwaka 1954 aliutangazia ulimwengu kwamba wavuvi walisema kweli. Damu ipo, lakini ni nyeupe, inapenya mwanga kama maji. Hata matamvua yake si mekundu kama ya samaki umjuaye, bali ni meupe kama maziwa.

Wekundu wa damu unatokana na kitu kiitwacho himoglobini. Kazi yake ni kubeba oksijeni, yaani ile hewa tunayovuta ili tuishi. Mtu akipungukiwa na himoglobini huitwa mwenye upungufu wa damu. Huchoka, huona kizunguzungu, na akiikosa kabisa hufa. Samaki huyu, aitwaye samaki wa barafu, hana himoglobini hata kidogo. Basi anaishije?

Kumbuka soda. Ukifungua chupa yenye joto, gesi hutoka yote kwa povu na soda inachuja. Ukifungua iliyo baridi, gesi hubaki ndani. Maji baridi hushika hewa kuliko maji ya moto. Bahari ya Antaktika ina oksijeni nyingi sana, na damu baridi ya samaki hubeba oksijeni kiasi katika majimaji yake, bila mchukuzi.

Hata hivyo kiasi hicho ni kidogo. Hakifikii hata sehemu moja ya kumi ya ile ibebwayo na damu nyekundu ya jamaa zake. Kwa hiyo mwili umejirekebisha kwa njia nyingine. Moyo wa samaki huyu ni mkubwa sana. Mishipa yake ni mipana. Damu yake ni mara 2 hadi 4 ya damu ya samaki mwingine wa ukubwa wake. Ni sawa na mtu aliyekosa ndoo akaamua kuteka maji kwa kikombe. Itambidi aende kisimani mara nyingi zaidi. Samaki huyu hatumii nguvu ovyo. Huvizia mawindo, haendi mbio ndefu.

Je, kukosa himoglobini kulimfaa? Wapo waliosema damu nyepesi hupita kirahisi katika baridi. Mimi naona hesabu ya moyo ule mkubwa inatosha kutujibu. Hii ilikuwa hasara, ila katika bahari ile haikumwua. Kwingineko angekufa siku ya kwanza.

Sili na pengwini hutumia njia tofauti kabisa. Sili ni mnyama wa baharini anyonyeshaye, na pengwini ni ndege asiyeruka. Miili yao ina joto kama wako, nao huilinda kwa mafuta mazito chini ya ngozi au kwa manyoya yaliyosongamana. Sili mmoja wa huko aweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima, kwa sababu damu yake ni nyingi na imejaa himoglobini. Samaki hawezi kuwaiga. Damu yake yote lazima ipite katika matamvua, ambako imetengwa na maji kwa ngozi nyembamba mno. Joto lote lingepotelea hapo, kama maji katika pakacha.

Kufa kwa joto ndani ya friji

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mwaka 1967 DeVries na mwenzake George Somero walitaka kujua samaki hawa wanavumilia joto kiasi gani. Waliongeza joto la maji kidogo kidogo. Yalipofika nyuzi 6 juu ya sifuri, samaki walikufa.

Nyuzi 6 ni baridi ya friji ya kawaida. Maji ambayo wewe ungeshindwa kutia mkono kwa dakika nyingi, kwake yeye ni moto wa kuua. Tena viumbe karibu wote, joto likizidi, hutengeneza haraka protini za kuokoa seli. Mwaka 2000 ilionekana kwamba samaki mmoja wa Antaktika hawezi kuziongeza hata akitiwa kwenye joto. Bahari yake haikubadilika kwa muda mrefu mno, basi uwezo huo ukapotea.

Lakini siku hizi bahari inabadilika. Upande wa magharibi wa rasi ndefu ya Antaktika, maji ya juu wakati wa kiangazi yaliongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1 katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Kwako nyuzi 1 si kitu. Kwa samaki ambaye kifo chake kiko nyuzi 6, ni hatua kubwa. Maji yakipata joto hupoteza pia oksijeni, na samaki wa damu nyeupe hana akiba yoyote. Samaki wa bahari nyingine wakiona joto huhamia maji ya baridi zaidi. Huyu ahamie wapi? Kusini kwake ni nchi kavu.

Adui wa pili ni wavu. Samaki hawa hukua polepole kwa sababu ya baridi, na hukawia kuzaa. Katika msimu wa 1969 na 1970 meli kubwa za Urusi ya wakati ule zilivua karibu tani 400,000 za aina moja tu ya samaki kandokando ya South Georgia. Msimu uliofuata zilipata tani 100,000 hivi. Msimu wa tatu hazikufika hata tani 3,000. Mvuvi yeyote anaelewa maana ya tarakimu hizo. Mwaka 1980 nchi kadhaa zilitia sahihi mkataba wa kulinda viumbe wa bahari ile, ukaanza kazi mwaka 1982. Samaki yule wa South Georgia alikatazwa kuvuliwa mwaka 1985.

Mwezi wa Februari 2021 meli ya utafiti ya Ujerumani iitwayo Polarstern ilikuwa katika bahari ya Weddell, ikivuta kamera karibu na sakafu ya bahari. Wataalamu waliona shimo la mviringo, limefagiliwa, na mayai ndani yake. Samaki wa barafu alikuwa amekaa juu akiyalinda. Kamera ikasogea, wakaona shimo jingine, na jingine, saa baada ya saa. Walikadiria kwamba viota hivyo ni milioni 60 hivi, vimeenea kilomita za mraba 240. Kila kiota kilikuwa na mayai 1,700 hivi.

Tangu mwaka 2016 limekuwapo pendekezo la kuifanya bahari hiyo ya Weddell kuwa hifadhi. Kwa mujibu wa mkataba, jambo kama hilo halipiti mpaka nchi wanachama zote zikubali. Hadi mwisho wa mwaka 2024 zilikuwa hazijakubaliana.